Mbwa Aliyegongwa na Gari: Wajibu wa Mwenye Mbwa na Usalama wa Kaya Yake

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya

1. Kwa nini jambo hili ni la afya ya watu

Mbwa anapogongwa na gari, wengi huliona tukio hilo kuwa hasara ya mwenye mbwa peke yake, na ni wachache wanaokumbuka kwamba linaweza kuishia kwa mtu kupoteza maisha. Mbwa mwenye maumivu makali huuma hata mkono unaomlisha kila siku, na mtu anayeumwa katika pilikapilika za kumwokoa mnyama mara nyingi hufuta damu kwa kitambaa, huendelea na kazi, na huja kulitazama jeraha lake jioni au kesho yake. Kuchelewa huko ndiko kunakoupa nafasi ugonjwa wa kichaa cha mbwa, yaani ugonjwa unaoenezwa kwa mate ya mnyama mgonjwa kupitia jeraha, mchubuko, macho au mdomo, ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu hauna tiba na karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Vifo hivyo vinazuilika, na kinga yake ya kwanza ni sabuni na maji.

2. Kanuni iliyo juu ya zote

Jeraha la meno ya mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeumwa huenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

3. Barabarani

Uhai wa watu hutangulia. Mwenye mbwa hapaswi kukimbilia katikati ya barabara kabla magari, bodaboda na bajaji hazijasimama au kupungua mwendo, kwa kuwa dereva anayemkwepa mbwa aliyelala huweza kumgonga mtu aliyeinama. Inafaa mtu mmoja asimame mahali anapoonekana kwa mbali ili awaashirie madereva, na watoto wote waondolewe hapo mara moja, kwa sababu mtoto humwendea mbwa wa nyumbani kwao bila woga na uso wake huwa karibu sana na meno. Mabishano na dereva kuhusu nani mwenye kosa hayamsaidii mnyama wala watu, hivyo namba ya gari iandikwe na mengine yaachiwe polisi na uongozi wa mtaa au kijiji.

4. Kumkaribia na kumfunga mdomo

Mbwa aliyeumia hukaribiwa polepole kutoka ubavuni, kwa sauti ya chini, na haifai mtu yeyote kumwinamia kichwani, kumkumbatia au kumbusu, hata kama ni mbwa aliyekulia mikononi mwake. Mwenye kumshika avae glavu au afunike mikono kwa mifuko ya plastiki au kitambaa kizito, kwa kuwa mchubuko mdogo wa kidole unatosha kupitisha mate.

Kabla ya kumwinua, mdomo wake hufungwa kwa utepe wa kitambaa, kwa mfano kipande cha kanga kilichochanwa kwa urefu. Katikati ya utepe hufanywa kitanzi, kitanzi hicho huvishwa puani kutoka mbele na kukazwa kwa juu, ncha mbili hupitishwa chini ya kidevu na kupishana, kisha hufungwa nyuma ya masikio kwa fundo linalofunguka kwa urahisi. Mbwa anayetapika, anayehema kwa shida au mwenye pua fupi sana hafungwi mdomo, kwa kuwa anaweza kukosa hewa. Huyo hufunikwa blanketi na kuinuliwa kwa tahadhari kubwa zaidi. Ikiwa katika kazi hiyo meno yamemgusa mtu na ngozi imechubuka hata kidogo, kazi ya mbwa hupewa mwingine na aliyeumwa huanza kuosha jeraha papo hapo kwa dakika 15.

5. Kumbeba na kumfikisha kwa daktari wa mifugo

Mbwa asiyeweza kusimama hubebwa juu ya ubao, mlango mdogo au blanketi lililovutwa pande zote ili mgongo wake usipinde, kwa sababu mgongo uliovunjika ukipindishwa huweza kumpoozesha mnyama ambaye angepona. Damu inayotoka huzuiwa kwa kitambaa safi kilichobanwa kwa kiganja, na kitambaa kikilowa huongezwa kingine juu yake bila kuondoa cha kwanza. Mfupa uliovunjika haunyooshwi nyumbani, na mbwa hapewi chakula wala maji kabla ya kuonwa na daktari, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji.

Ufizi wake ukionekana mweupe, masikio na miguu ikiwa ya baridi na pumzi ikienda mbio, mbwa huyo yumo katika mshtuko wa mwili, yaani hali ya damu kupungua katika viungo muhimu, na mara nyingi anavuja damu ndani. Hali hiyo haisubiri kesho. Ufizi huo utazamwe tu, usiguswe kwa kidole. Pasipo daktari karibu, afisa mifugo wa kata au kijiji ndiye wa kupigiwa simu kwanza.

6. Dawa za watu

Paracetamol, diklofenaki na ibuprofeni hazipewi mbwa kwa kukisia, kwa kuwa zinaweza kumharibia ini, tumbo au figo na kumuua.

7. Mtu akiumwa, kukwaruzwa au kulambwa penye jeraha

Sehemu hii ndiyo inayopaswa kusomwa kwa sauti mbele ya watu wote wa nyumbani.

Kuosha huanza papo hapo, kabla ya kutafuta usafiri, kabla ya kumpigia mtu simu na kabla ya kumrudia mbwa. Jeraha huwekwa chini ya bomba au kibuyu chirizi, na pasipo hivyo mtu mwingine humimina maji kwa kopo kutoka kwenye ndoo, huku sabuni yoyote iliyopo, ya mche au ya unga, ikipakwa tena na tena mpaka dakika 15 zitimie kwa saa ya simu. Dakika mbili hazitoshi, na kulichovya jeraha katika beseni la maji yaliyotuama si kuliosha. Baada ya hapo hupakwa dawa ya kuulia vijidudu, kama iodini au spiriti, ikiwa ipo.

Jeraha halipakwi majivu, mafuta ya taa, pilipili, unga wa betri, tumbaku wala majani yaliyotafunwa, na halibandikwi jiwe la nyoka. Halishonwi wala kufungwa kwa kukazwa nyumbani. Aliyeumwa hasubiri kuona kama mbwa atakufa, wala kama jeraha litavimba, kwa sababu kichaa cha mbwa hukaa kimya mwilini, kwa kawaida kwa mwezi mmoja hadi mitatu, na huweza kuanza wakati kovu limekwisha kukauka na tukio limesahauliwa.

Kisha huenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ni wa nyumbani. Zahanati isiyo na chanjo itamwelekeza hospitali iliyo nayo, na rufaa hiyo isiahirishwe. Sindano za chanjo hutolewa kwa awamu, kila moja kwa siku yake, na anayeacha njiani kwa sababu anajisikia mzima ameacha kinga yake nusu. Chanjo hiyo haizuiwi na ujauzito, kunyonyesha wala umri mdogo. Mhudumu huangalia pia haja ya kinga ya pepopunda, ugonjwa unaokakamaza misuli na kuingia kwa njia ya majeraha machafu.

Watoto wanastahili uangalizi wa pekee, kwa kuwa takriban asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15, na mtoto aliyezoea kugombezwa huficha jeraha kwa kuogopa fimbo. Mzazi amkague mikono, miguu na uso, na asimpige anaposema kweli.

8. Mbwa asiyeogopa gari

Mbwa anayeingia barabarani akiyumba, asiyeitikia sauti ya mwenyewe na asiyeogopa honi huenda alikuwa mgonjwa kabla ya kugongwa, hasa kama siku za karibuni alibadilika tabia, alitokwa na mate mengi au alishindwa kumeza. Mbwa wa namna hiyo, na yeyote asiyejulikana chanjo yake, hashikwi kwa mikono. Huzungukwa kwa mbali na afisa mifugo huarifiwa.

9. Mbwa aliyeinuka na kutembea

Kutembea si kupona. Mapafu, kibofu na wengu huweza kupasuka bila jeraha la nje, na dalili zikachelewa kwa saa 24 hadi 48, kwa hiyo mbwa hufungwa mahali patulivu na kupelekwa kwa daktari akikosa kukojoa, tumbo likijaa, akihema kwa nguvu au ufizi ukipauka. Kama alimuuma mtu, mwenye mbwa ana wajibu wa kumweka chini ya uangalizi kwa siku 10 na kutoa taarifa ya mabadiliko yoyote.

10. Mbwa akifa

Mbwa aliyemuuma mtu kisha akafa kwa majeraha hawezi tena kuangaliwa kwa siku 10, hivyo haifai kusema kwamba ameuawa na gari tu na jambo likaisha. Aliyeumwa huendelea na chanjo kama alivyopangiwa, na mzoga hauzikwi kabla afisa mifugo hajaarifiwa, kwa kuwa anaweza kuhitaji sampuli ya kichwa kwa uchunguzi. Mzoga hauchunwi, hautupwi mtoni wala jalalani, bali huzikwa kwa glavu katika shimo refu lililo mbali na kisima.

Mbwa asiyeweza kupona haachwi kando ya barabara afe kwa kiu, wala hapigwi kwa mawe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na daktari wa mifugo ndiye mwenye njia ya kumpumzisha bila maumivu.

11. Kabla ya ajali

Mbwa huchanjwa anapotimiza miezi mitatu na kila mwaka baada ya hapo, kadi yake hutunzwa pamoja na kadi za kliniki za watoto, na hafunguliwi kuzurura barabarani.

12. Wito kwa kila kaya

Mwenye mbwa anayemhurumia mnyama wake anafanya jambo jema, lakini huruma hiyo isimsahaulishe mkono wake mwenyewe wala wa mtoto wake. Kila kaya inayofuga mbwa inaombwa kuweka mche wa sabuni mahali panapojulikana na wote, kuandika ukutani namba ya afisa mifugo na ya kituo cha afya, na kumfundisha kila mtu mwenye umri wa kuelewa kwamba jeraha la meno ya mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeumwa huenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.