Mir Ali Bey: Haramia au Askari?

Sisi wa Embu bahari twaisikia tu darasani. Katika somo la historia nimekutana na Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki. Mnamo 1585 na 1586 alishuka pwani yetu kuwapiga Wareno, akateka merikebu na mali, na miji kadhaa ikamkaribisha. Wareno wakamwita haramia. Lakini haramia hujipigania mwenyewe. Huyu alitumikia dola ya Uthmania. Mwaka 1589, Wareno wakiwa baharini na Wazimba bara, alikamatwa Mombasa akapelekwa Lisbon. Mnamo 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus. Jamani, tukisoma neno "haramia", tuulize kwanza: nani kaliandika? Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.