Kupandikiza Nywele: Kwanza Ijue Ngozi ya Kichwa Chako

Desemba ikikaribia, saluni za Moshi mjini hujaa. Watu wanarudi nyumbani Marangu, Machame, Kibosho na Rombo kwa Krismasi, na kila mmoja anataka kichwa chake kipendeze. Msusi ndiye huona mapema kile ambacho mwenye kichwa hakioni: nywele za kwenye paji na juu ya masikio zimerudi nyuma, au utosini ngozi imeanza kung'aa. Siku hizi simu nazo zimejaa matangazo ya kupandikiza nywele, na ndege ya kwenda Istanbul inaruka kutoka hapa hapa, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA). Anayefikiria safari hiyo huuliza njia ipi ya upasuaji ni bora. Namsihi aanze na swali jingine: nywele zake zimeondoka kwa sababu gani? Jibu lake ndilo linaloamua kama upasuaji utamfaa, utasubiri, au utamwongezea hasara.

Kusuka kwa kubana, rasta ndefu zenye uzito na wiving ya gundi, hasa juu ya nywele zilizowekwa dawa, huvuta mizizi siku baada ya siku. Ukiacha mapema, nywele hurudi zenyewe. Ukiendelea kwa miaka, mizizi hufa na ngozi hubaki laini bila kinyweleo. Hapo upandikizaji huweza kufaa vizuri, mradi mhusika ameshaacha kubana.

Upo ugonjwa mwingine unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Huanzia utosini na kupanuka kwa duara. Wengine huwashwa au huhisi ngozi inaungua, wengine hawasikii lolote. Mizizi hushambuliwa, kisha mahali pake panakuwa kovu. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa wana hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na uundaji wa unywele, kwa hiyo si haki kumtupia msusi lawama zote. Ugonjwa huu ukiwa bado hai, utaua mizizi iliyopandikizwa kama ulivyoua ile ya mwanzo. Madaktari wengi hutaka utulizwe kwa dawa na ubaki kimya mwaka mmoja hadi miwili kabla ya kugusa kisu.

Upara wa kurithi wa wanaume ndio unaopandikizwa zaidi duniani. Mapunye ya watoto, nywele zinazopukutika baada ya kujifungua au kwa upungufu wa damu, na zile zinazotoka kwa mabaka ya mviringo, hayo yana tiba yake na hayahitaji mpasuaji.

Mkazi wa Moshi ana bahati katika jambo hili. Ndani ya eneo la KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, kuna RDTC, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 na ambacho kimefundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Nenda ukiwa umefumua nywele, umeziosha, bila mafuta na bila piko, maana daktari hawezi kusoma ngozi iliyofunikwa. Chukua picha zako za miaka ya nyuma na dawa zote ulizopaka, hata ile krimu uliyopewa dukani bila maelezo. Kama sababu haieleweki kwa macho, huchukuliwa kipande cha ngozi cha milimita 4 hivi kwa ganzi na kupimwa maabara. Kipimo hicho kidogo kinaweza kukuokolea mamilioni.

Sasa tuje kwenye upasuaji wenyewe. Katika miaka ya 1950 daktari Norman Orentreich wa New York alithibitisha kuwa nywele za kisogoni zikihamishiwa kwenye upara huendelea kuota kama zilivyokuwa zinaota kisogoni. Hakuna nywele mpya inayozaliwa. Zinahamishwa tu, na akiba ya kisogo ina mwisho.

Njia mbili ndizo zinazotumika sana. Ya kwanza, FUT, hukata ukanda mwembamba wa ngozi ya kisogo, ngozi ikashonwa, na ule ukanda ukagawanywa kwa hadubini kuwa vipandikizi vidogo. Huacha kovu moja refu. Ya pili, FUE, hutoa mzizi mmoja mmoja kwa kisu cha duara chenye upana wa milimita moja hivi, na huacha vidoa vingi vidogo. Matangazo huisifu ya pili kana kwamba haina kovu. Si kweli.

Hapa nywele zetu za kipilipili zinadai uangalifu ambao matangazo hayausemi. Mzizi wake umejipinda hata chini ya ngozi, kwa hiyo daktari akifuata mwelekeo anaouona juu, kisu hukata mzizi katikati na unywele huo umepotea moja kwa moja. Katika FUE anafanya kazi bila kuuona mzizi. Katika FUT msaidizi anauona chini ya hadubini. Mwanamke anayefuga nywele ndefu huweza kulificha kovu la FUT, wala halazimiki kunyoa kisogo chote. Mwanamume anayenyoa chini ana sababu nzuri ya kupendelea FUE, lakini kwa daktari aliyezoea vichwa vya Waafrika na anayekubali kutoa mizizi michache ya majaribio kwanza. Faida yetu ni kwamba nywele zilizojikunja hufunika eneo kubwa, hivyo vipandikizi vichache hutosha.

Kisha keloidi. Jikague: kovu la chanjo begani, tundu la sikio, kovu la upasuaji wa tumbo. Kama lolote limevimba na kuvuka mipaka ya jeraha, au una vipele sugu kisogoni baada ya kunyoa, mweleze daktari kabla bei haijatajwa. Kwa wengine jibu la busara ni kutopasuliwa kabisa, na daktari anayesema hivyo anastahili kusikilizwa.

Kovu kubwa la moto ni habari nyingine. Mara nyingi hufaa zaidi kuweka mpira maalumu chini ya ngozi yenye nywele, ukajazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kisha ngozi iliyotanuka ikavutwa kufunika kovu. Hiyo ni kazi ya mpasuaji wa urekebishaji. Nywele za bandia zinazochomekwa kichwani zikatae. Marekani ilizipiga marufuku mwaka 1983.

Ukienda ng'ambo, omba jina la daktari atakayekata na kutoboa kwa mkono wake, maana zipo kliniki ambako mafundi wasio madaktari ndio hufanya yote. Dai picha za wateja wenye nywele kama zako, zilizopigwa miezi 12 baada ya upasuaji. Hapa nyumbani, hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Sema wazi kuhusu kisukari, presha na dawa za kuyeyusha damu.

Ukirudi, mzigo kichwani uache mwezi mzima, uwe mkungu wa ndizi, majani ya ng'ombe au begi la mgeni anayepanda mlima. Jikinge na jua na vumbi. Nywele zilizopandwa hupukutika kati ya wiki ya 2 na ya 8, hilo lisikutishe. Huanza kuota mwezi wa 3 au wa 4 baada ya upasuaji, na matokeo huhukumiwa baada ya mwaka. Homa, usaha, maumivu yanayozidi au ngozi inayogeuka nyeusi ni vya hospitali siku hiyo hiyo. Na kovu likianza kuvimba miezi kadhaa baadaye, wahi kliniki ya ngozi: sindano zinazochomwa ndani ya keloidi changa huituliza vizuri zaidi kuliko ikishakomaa.