Kuuamsha Mwili Uliozoea Kukaa

Ndugu zetu wasomaji, somo letu la leo ni juu ya mwili: vipi mtu aurudishe kwenye mwendo baada ya kukaa muda mrefu bila ya kuutumia. Huenda wako watakaostaajabu kuliona jambo hili hapa, wakasema hayo ni maneno ya walimu wa michezo. Lakini siha ni amana, na aliyewekewa amana ataulizwa juu yake. Tena somo hili halikutujia kwa kusoma vitabu. Limetujia kwa kuaibika.

Tulikuwa Kiminini, mji mdogo ulioko kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye, katika nchi ya mahindi ya Trans Nzoia, ambako siku ya anga safi Mlima Elgon huonekana umelala kama ngamia. Tulikwenda huko kutoka pwani kwa ajili ya biashara, kama walivyokwenda bara wazee wengi kabla yetu. Miaka mitatu tukakaa nyuma ya meza ya duka. Alfajiri twafungua mlango, twaketi. Chakula twaletewa pale pale. Usiku twafunga, twapanda bodaboda mpaka mlangoni, ijapokuwa nyumba haikuwa mbali zaidi ya mwendo wa robo saa. Hatukuwa wagonjwa, wala hatukujiona wavivu, maana tulikuwa kazini tangu kucha hadi kuchwa. Tulikuwa tumekaa tu.

Siku moja akafariki jirani yetu, mzee aliyetupokea siku ya kwanza tuliposhuka garini na mizigo yetu. Jeneza likachukuliwa kwa mabega, na njia ya makaburini ina mwinuko. Tukatia bega letu kama ipasavyo. Hatukufika hatua hamsini: pumzi zikakatika, magoti yakatetemeka, na kijana mmoja akatutoa kwa upole akashika mahali petu. Tukabaki nyuma peke yetu, na tulipofika udongo ulikwisha kurudishwa. Haki ya mwisho ya jirani yetu waliitimiza wengine, na sisi tukawa watazamaji. Usiku ule tukajiuliza: mwili huu, ambao miaka mitatu nyuma ulishusha magunia, umekwenda wapi?

Jawabu ni kwamba mwili hauweki akiba ya nguvu zisizotumiwa. Musuli usiokazwa hupungua. Moyo usioendeshwa hupunguza wingi wa damu unaosukuma kwa pigo moja. Na mifupa isiyobeba kitu hulegea. Jambo hili limepimwa. Mwaka 1966, katika mji wa Dallas, Marekani, vijana watano wenye umri wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu bila ya maradhi yoyote. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kuvuta oksijeni na kuitumia ulikuwa umepungua kwa kadiri ya robo. Miaka 30 baadaye, mwaka 1996, watu wale wale watano wakapimwa tena. Ikaonekana ajabu: zile wiki tatu za kulala ziliwadhuru kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka.

Lakini hapo hapo pana bishara. Watu wale, hali wamekwisha kufika umri wa miaka 50, walipewa mazoezi ya miezi sita: kutembea, kukimbia polepole na kupanda baiskeli, wakianza na kidogo na kuongeza taratibu. Kwa wastani wakarudi kwenye kipimo walichokuwa nacho ujanani kabla ya kulazwa. Basi asiseme mtu kwamba wakati umempita. Kilichopotea kwa kukaa hurudi kwa mwendo, ila hairudi kwa siku moja.

Wala kukaa si jambo la kitanda peke yake. Mwaka 1953 tabibu Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva waliokaa kutwa walipatikana na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi kutwa kukata tikiti. Baadaye ilijulikana kwamba madereva wale walikuwa wanene zaidi tangu mwanzo wa kazi, kwa hivyo si kukaa pekee kulikoleta tofauti yote. Lakini tafiti nyingi zilizofuata zimeitilia nguvu hukumu ya asili. Nasi tuna mfano wake karibu. Zitazame matatu za Kitale na Bungoma: dereva ameketi kutoka asubuhi, na makanga hashibi kuruka, kupanda, kushuka na kupakia mizigo juu. Mwenye duka, karani, fundi wa cherehani na mzee wa barazani wote wamo katika safu ya dereva.

Sasa tuingie katika njia yenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lamtaka mtu mzima apate kila wiki dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, au dakika 75 hadi 150 za mwendo wa nguvu, na kwa siku mbili au zaidi aifanyishe kazi misuli yake yote mikubwa. Wenye umri wa miaka 65 na zaidi huongezewa mazoezi ya kusimama imara, ili wasianguke. Mtu aliyekaa miaka mitatu akizisikia dakika 150 hukata tamaa kabla ya kuvaa viatu. Lakini mwongozo huo huo waeleza kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa, na kwamba aanzaye aanze na kidogo kisha aongeze. Na hilo si geni kwetu, kwani Mtume, Rehema na Amani zimshukie, alitufundisha kuipenda amali ya kudumu hata ikiwa ndogo.

Sisi tulianza kwa kumwacha mtu wa bodaboda. Wiki ya kwanza tulikwenda nyumbani kwa miguu jioni tu, dakika kumi na tano, tukipumzika tulipochoka. Wiki ya tatu tukaongeza na asubuhi. Mwezi wa pili tukawa twazunguka njia ya mbali kidogo, ukingoni mwa mashamba ya mahindi, na siku za mvua, ambapo matope ya huko hung'ang'ania kiatu, tulitembea ndani ya ua. Kipimo cha mwendo ni chepesi: ikiwa waweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuvuta sauti ya adhana, huo ndio mwendo wa wastani. Ukiwa huwezi hata kujibu salamu, umepita kiasi; punguza.

Mtu wa pwani aendaye bara na aliangalie jambo moja zaidi. Kitale iko kadiri ya mita 1,900 juu ya bahari, na mkandamizo wa hewa ya huko ni kama sehemu nne katika tano za ule wa Mombasa. Mgeni huhema upesi hata akiwa mzima. Basi wiki mbili za mwanzo asijipime kwa wenyeji, bali aupe mwili nafasi ya kuizoea nchi.

Ama kutia nguvu misuli, hakutaki vyombo vya gharama. Kaa kitini, usimame bila ya kushika kitu, ukae tena. Fanya hivyo mara nane au kumi, pumzika, kisha rudia. Weka viganja ukutani, ujisogeze na kujisukuma kama mtu asukumaye mlango mzito. Shika pakiti ya unga ya kilo mbili kila mkono, uinue kwa utaratibu. Simama nyuma ya meza ya duka, ukiinua visigino na kuvishusha. Haya tuliyafanya siku mbili, kisha tatu, kwa wiki, wateja wakitucheka. Wiki za kwanza mtu huona nguvu zimezidi na hali mkono haujabadilika umbo. Hiyo ni kwa sababu mishipa ya fahamu hujifunza kuiamrisha misuli kabla ya misuli yenyewe kukua. Kukazana kwa mwili hufuata baadaye, basi msubiri.

Wala tusidanganyike juu ya kitambi. Wako wanaolala chali wakiinuka mara mia kila siku wakidhani mafuta ya tumbo yatayeyuka. Zoezi la tumbo hukaza misuli ya tumbo, lakini mafuta mwili huyachukua kutoka kote, si mahali pale tu panapofanyishwa kazi. Kitambi hupunguzwa kwa mwendo wa mwili mzima pamoja na kuangalia sahani: chai ya sukari nyingi, mahamri, na wali wa usiku uliojazwa mpaka ukingoni.

Tena ijulikane kwamba maumivu ya misuli huchelewa. Siku ya kwanza mtu hufurahi. Kesho yake na keshokutwa hushindwa kushuka ngazi, akasema mazoezi yamemdhuru, akaacha. Wengi hukomea hapo. Uchungu huo wa misuli hupoa kwa siku chache, na dawa yake ni kwenda polepole, si kulala. Lakini maumivu makali ya kiungo, uzito au kubanwa kifua, kizunguzungu, au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, hayo si ya kustahamiliwa: mtu asimame mara moja atafute matibabu. Na mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu lisilotulia, au kisukari anachokitibu kwa sindano au vidonge, amwone daktari kabla ya kuanza, ili dawa na mazoezi vipatane.

Zimebaki hoja tatu tulizozisikia, nasi tuzijibu.

Ikisemwa: Swala tano zatosha kuwa mazoezi. Twajibu: Swala ni ibada, haikuwekwa kwa ajili ya kupunguza tumbo, na nia yake isichanganywe. Ni kweli kuwa kusimama, kurukuu na kusujudu kuna manufaa kwa magoti na mgongo. Lakini ni mwendo wa utulivu, haupandishi moyo. Sisi hatukuacha Swala hata moja katika miaka ile mitatu, na jeneza lilitushinda. Bali mambo ni kinyume: anayeuacha mwili ulegee, pasipo ugonjwa wala uzee, ajichunge isije ikafika siku akaitafuta sijida asiipate ila juu ya kiti. Aliye na udhuru Mwenyezi Mungu amemsahilishia, wala hana lawama. Twamsema mwenye kujitengenezea udhuru kwa mikono yake.

Ikisemwa: Kukimbia ni kazi ya watu wa bara, wao wameumbwa hivyo. Twajibu: Hakuna aliyetutaka tuwe Ben Jipcho, mtu wa upande wa Mlima Elgon aliyeshinda medali mbili za dhahabu katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch mwaka 1974. Twatakiwa kufika makaburini na jirani yetu. Na bara kwenyewe twalimwona karani wa Kiminini ana kitambi kama cha karani wa Mombasa. Kiti hakijui kabila.

Ikisemwa: Mazoezi hayamfai mwanamke wa heshima. Twajibu: Imepokewa katika Sunan za Abu Daud kwamba Bi Aisha, Radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alishindana mbio na Mtume wakiwa safarini, akamshinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena, na mara hiyo Mtume akamshinda. Tazama, ndugu msomaji: unene haukuwa sababu ya kumwachisha kukimbia, wala mwendo wenyewe haukuhesabiwa kuwa aibu. Basi kwa nini twawafungia wake zetu na mama zetu ndani, kisha twawapeleka hospitali kwa magoti na sukari? Mwenye ua na awaachie ua. Mwenye dada na afuatane naye njiani baada ya Alfajiri, kabla jua halijawaka. Sitara na siha havigombani.

Na katika Ramadhani, asiyeweza mchana na atembee kidogo karibu na futari, au baada ya Tarawehe. Asilikatize jambo mwezi mzima, kwani mwili husahau upesi.

Hatukuwa wakimbiaji, ndugu zetu, na hata leo hatukimbii. Lakini kabla ya kuondoka Kiminini kulitokea maziko mengine, njia ile ile, mwinuko ule ule. Tukatia bega, tukapokezana na vijana, tukashika tena. Jasho lilitutoka na pumzi zilipanda, wala hatukuwa katika wa mbele. Ila tulifika na jeneza, na udongo tuliutia kwa mikono yetu.

Atakayesoma haya akiwa ameketi, na ainuke atembee hadi mwisho wa mtaa, kisha arudi. Hilo ndilo somo la siku ya kwanza. Mwenyezi Mungu atupe siha na atujaalie kuitumia katika yanayomridhisha. Amin.