SOMO LA AFYA: WALINZI WANAOOTA SHAMBANI

Soma: Danieli 1:8–16

Danieli na wenzake waliacha vyakula vya mfalme, wakaomba mboga, na afya yao ikawa njema. Sisi wa Masisi na Walikale tuna mboga karibu na mlango, lakini wengi huziita chakula cha maskini. Tujifunze kazi yake.

1. Walinzi wa mwili. Kansere huanza chembe ya mwili inapoharibika na kuzaana bila mpango. Maharagi, lengalenga, na sombe iliyotwangwa na kupikwa sana vina nyuzi. Nyuzi hizo husukuma uchafu utoke upesi, tena hulisha vijidudu vyema vinavyotunza ukuta wa utumbo. Daktari Denis Burkitt, Mkristo aliyetumika Uganda, aliona kwamba kansere ya utumbo mkubwa ilikuwa haba kwa watu wa vijijini waliokula hivyo, akaandika habari hiyo mwaka 1971. Hata wewe uliyekimbia vita na kuacha shamba, panda lengalenga kando ya nyumba. Utaichuma baada ya majuma machache.

2. Adui katika ghala. Karanga na mahindi yenye kuvu yana sumu iletayo kansere ya ini. Kupika hakuiondoi. Anika vizuri, weka pakavu, tupa yaliyoharibika.

3. Chakula, si vidonge. Katika Finland wavuta tumbaku walipewa vidonge vya betakarotini, kitu kilichomo katika karoti na mawese. Mwaka 1994 ilijulikana kwamba kansere ya mapafu ilizidi kwao. Basi kula chakula chenyewe, na tumbaku uiache.

4. Usidanganyike. Mlinzi huzuia mwizi mlangoni. Aliyekwisha kuingia chumbani ni kazi nyingine. Mboga hupunguza hatari, haziponyi kansere. Tumewapokea akina mama walioficha uvimbe wa titi, wakinywa maji ya majani mwezi baada ya mwezi. Walipofika, ugonjwa ulikuwa umeenea, nasi tukalia pamoja nao. Mama, ukigusa uvimbe usiouma, njoo juma hili. Kuja hospitali si kukosa imani. Omba, kisha ushike njia.

Maswali
1. Nyuzi za maharagi zinafanya kazi gani?
2. Utafanya nini na karanga zenye kuvu?
3. Ni nani nyumbani kwako anayeficha uvimbe? Utamwambia nini leo?