Macho ya Mpiga Mbizi

Somo hili ni la vikundi vya pwani, hasa vile vyenye vijana wanaoshuka na mitungi ya hewa kuongoza wageni kule Kisite, Diani na Watamu. Ni la wavuvi pia, wale wanaozama kwa pumzi yao wenyewe kutafuta pweza na kamba. Tumeliandika kwa sababu mpiga mbizi akiandaa vyombo atauliza mtungi, atauliza nguo ya kuzamia, lakini habari ya macho haiulizi mtu. Na kumbe huko chini macho ndiyo yanayosoma hewa imebaki kiasi gani.

Kwanza jaribio. Mwalimu wa kikundi aweke kijiko ndani ya glasi ya maji na kila mtu akitazame kwa upande. Kijiko kinaonekana kimevunjika pale maji yanapoanzia. Hakijavunjika, ni mwanga unaopinda ukitoka majini kuingia hewani. Jicho nalo hufanya kazi kwa kupinda mwanga. Ile ngozi angavu iliyo mbele ya mboni, inayong'aa kama kioo, ndiyo inayofanya karibu theluthi mbili ya kazi hiyo, nayo inataka hewa mbele yake. Maji yakiigusa inakuwa kama haipo, maana yenyewe na maji hupinda mwanga karibu sawasawa. Ndiyo sababu ukifumbua macho chini ya bahari unaona ukungu, hata uwe na macho mazuri namna gani.

(Wako watu waitwao Moken, wakaao baharini upande wa Thailand na Myanmar. Mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba watoto wao huona chini ya maji, bila miwani, mara mbili zaidi ya watoto wa Ulaya, kwa kubana mboni sana. Ni ajabu kweli, lakini usiende kusoma namba za saa ya hewa kwa njia hiyo.)

Miwani ya kuzamia inarudisha hewa mbele ya jicho. Hapo unaona, ila unadanganywa kidogo: vitu huonekana vikubwa kwa kama theluthi moja na karibu kwa kama robo. Pweza aliye umbali wa mita 1 utamdhani yuko sentimita 75. Vijana wapya hunyoosha mkono wakashika maji, wenzao wakacheka. Udanganyifu huu tutaurudia, kwa sababu kwa mtu mzima si jambo la kucheka.

PUA IWE NDANI

Miwani ziko za aina mbili, na hapa tunaomba msome polepole. Ya kuogelea inafunika macho tu. Ya kuzamia inafunika macho pamoja na pua. Ile ya kwanza ni rahisi kupata na bei yake ni ndogo, kwa hivyo wavuvi wengine huitumia kuzamia. Hiyo ni hatari.

Chukua chupa tupu ya plastiki, ifunge vizuri, ushuke nayo. Ukifika mita 10 imebonyea, maana uzito wa maji na hewa umekuwa mara mbili ya ule wa juu na hewa ya ndani imebaki na nusu ya nafasi yake. Hewa iliyo ndani ya miwani hufanyiwa vivyo hivyo. Lakini kioo hakibonyei kama chupa, basi kinachovutwa ni jicho lenyewe na nyama zinazolizunguka. Mishipa midogo hupasuka, na mtu akitoka majini sehemu nyeupe ya jicho ni nyekundu kama damu ya kuku. Mwenye miwani ya kuzamia hupuliza kidogo kwa pua kila anaposhuka, hewa ikaongezeka ndani na mvuto ukaisha. Mwenye miwani ya kuogelea hana pa kupulizia.

Akina mama wengi huogopa sana wakiona wekundu huo. Kama jicho haliumi na mtu anaona kama kawaida, damu hiyo hujiondoa yenyewe kwa wiki moja hadi tatu, na dawa hakuna. Lakini kama kuna maumivu, au anaona vibaya, au anaona kitu kimoja kuwa viwili, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tafadhali msimtie maziwa ya mama wala maji ya majani. Jicho lililoumia likitiwa vitu hivyo linaweza kuoza.

Tena, miwani ya kuzamia si ya kuazimana ovyo. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Mombasa na kaunti nyingine za pwani, na wengi mwaukumbuka. Mwenye macho mekundu yanayotoa tongo akivaa miwani ya kikundi asubuhi, jioni mna wagonjwa wengine. Osheni kwa sabuni na maji safi, mkaushe. Kutema mate kwenye kioo ili kisishike ukungu si vibaya, mradi ni mate yako na miwani yako.

MTU ASIYEONA VIZURI AZAMIE VIPI?

Miwani ya kawaida haivaliki ndani ya ile ya kuzamia. Mikono yake inapita kwenye mpira na maji yanaingia. Njia iliyo nzuri ni kupimwa macho nchi kavu, upate namba zako, kisha utafute miwani ya kuzamia yenye vioo viwili. Aina hiyo vioo vyake hutolewa na kuwekwa vya namba yako, kulia mbali na kushoto mbali. Mafundi wengine hubandika lenzi juu ya kioo kwa ndani. Si rahisi kwa bei, tunajua, lakini kikundi kinachotegemea kuongoza wageni kinaweza kuiweka kwenye mpango wa akiba kama kinavyoweka mashine ya boti.

Asiyeona mbali, kama shida yake ni ndogo, huenda asihitaji kitu, kwa kuwa maji yanamsogezea vitu karibu. Shida kubwa iko kwa mwenye miaka 40 na kuendelea, yule anayeshika gazeti kwa kunyoosha mkono. Saa ya hewa akiishika sentimita 40 kutoka usoni, maji yanaifanya ionekane kama iko sentimita 30, yaani pale pale pasipoonekana. Na mwanga chini ni hafifu. Halafu kuna ile alama nyekundu ya kuonya kwamba hewa imepungua chini ya baa 50: rangi nyekundu hufifia ndani ya mita chache za kwanza, kule chini inaonekana nyeusi tu. Kwa hivyo msifundishe vijana kutazama rangi. Wasome namba.

Kuna jaribio rahisi. Mzee wa kikundi ashike saa ya hewa sentimita 30 kutoka machoni, kivulini, bila miwani. Akishindwa kusoma namba, asiongoze wageni mpaka apate lenzi za kusomea. Zipo ndogo za kubandika sehemu ya chini ya kioo.

Wengine, hasa wageni, huvaa lenzi laini zinazokaa juu ya jicho lenyewe. Hizo hufaa chini ya miwani ya kuzamia. Zile ngumu za zamani zisizopitisha hewa ni mbaya, kwani vipovu hunaswa chini yake wakati wa kupanda. Maji yakiingia, mtu afumbe macho. Lenzi isioshwe kwa maji ya bahari, ya mfereji, wala mate: kuna vijidudu vya majini vinavyoweza kula jicho mpaka likapofuka.

Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, hata wa mtoto wa jicho, asizamie mpaka daktari wa macho amruhusu, na amwambie waziwazi kazi yake ni mbizi. Kuna upasuaji wa nyuma ya jicho ambao daktari huacha povu la hewa maalumu ndani. Huyo asizamie kabisa, wala asipande ndege, mpaka povu liishe.

Jambo la mwisho ni la haraka. Mtu aliyetoka chini na mtungi, kisha akasema haoni upande mmoja, au anaona viwili, au viungo vinauma na ngozi imekufa ganzi, huyo si mgonjwa wa macho. Huenda ana vipovu vya hewa kwenye damu. Wapo watakaosema kapigwa na jini la bahari. Alazwe, apewe oksijeni ya boti, akimbizwe hospitali, na daktari aambiwe alishuka mita ngapi na kwa muda gani.

KAZI YA KIKUNDI

1. Leteni miwani zote za kuzamia mkutanoni. Ni ngapi hazifuniki pua? Zinatumiwa na nani?
2. Kila mwenye miaka 40 au zaidi afanye jaribio la saa ya hewa. Katibu aandike majina ya walioshindwa.
3. Kliniki ya macho iliyo karibu nanyi ni ipi, na hupima siku gani? Chagueni mtu wa kwenda kuuliza kabla ya mkutano ujao.