Hulka ya Mgonjwa na Mashine ya Figo

Figo za mtu mwenye afya hufanya kazi usiku na mchana, saa 168 kwa juma. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi huunganishwa na mashine ya kusafishia damu, kwa kawaida mara 3 kwa juma, saa 4 kila mara. Yaani saa 12 badala ya 168. Damu ikipita kwa mililita 300 kwa dakika, mwanafunzi ataona kuwa kwa saa 4 ni lita 72, ilhali mwilini mna lita 5 hivi tu. Damu ile ile hutoka na kurudi zaidi ya mara 14.

Siku zilizobaki ni za kujinyima. Maji, chai, uji na mchuzi hupimwa, kwani maji yasiyotoka huvimbisha mwili na kuuelemea moyo. Ndizi na madafu vina potasiamu nyingi, nayo ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo. Fikiri, msomaji: mtu huyu hutakiwa kuwatii wauguzi kama mtoto, kisha arudi nyumbani awe baba au mama na alipe ada kana kwamba haumwi.

Je, hulka yake ina uzito gani katika hali hii? Swali hili liliwahi kuwa la uhai na kifo. Mwaka 1960 Belding Scribner na wenzake huko Seattle, Marekani, walitumia mirija ya Teflon iliyobaki mkononi mwa mgonjwa, ikawezekana kumsafisha damu tena na tena. Nafasi zikawa chache kuliko wagonjwa. Ikaundwa kamati ya watu 7, miongoni mwao mchungaji, mwanasheria, mwenye benki na mama wa nyumbani, iamue nani apewe mashine. Gazeti la Life lilieleza mwaka 1962 kwamba walipima umri, mapato, wategemezi, na hata utulivu wa hisia. Mwenye wasiwasi aliweza kuhukumiwa kwa wasiwasi wake! Mwaka 1972 sheria ya Marekani iliagiza serikali igharimie tiba hiyo, na uchaguzi wa namna ile ukapoteza msingi.

Achilia mbali utu. Hata kisayansi kipimo kile kilikuwa na kasoro. Taka zikijaa katika damu huleta uchovu, kukosa usingizi, kupoteza hamu ya chakula na kushindwa kuzingatia jambo. Dalili hizo hizo ni za sonona. Kwa hiyo mpimaji hana budi kuuliza pia yale ambayo figo peke yake haiyaelezi: kukata tamaa, kujilaumu, kutamani kufa.

Uangalifu, yaani hulka ya kutimiza wajibu kwa utaratibu, umeonekana kuambatana na kumeza dawa inavyopasa. Kiu ni jambo jingine. Chumvi ikizidi katika damu, ubongo hudai maji, mtu awe mpole au mkali. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilimsikia muuguzi akimwita mgonjwa mkaidi kwa kuzidisha maji. Alipoulizwa chakula chake, ikadhihirika ni supu ya kopo, yenye chumvi tele.

Mwalimu aweza kuwaagiza wanafunzi wapime vinywaji vyao vyote vya siku moja, kisha walinganishe na lita 1 hivi, ambayo wengi wasiotoa mkojo huambiwa wasiipite. Wapime tu, wasijinyime maji.