Karanga Pepe: Lisha Udongo Kabla ya Mbegu



Umeng'oa shina la karanga lenye majani mazuri. Maganda ni mengi, na moyo umefurahi. Lakini ukivunja la kwanza, ni tupu. La pili lina punje moja iliyosinyaa. La tatu tupu tena. Hizo ndizo karanga pepe. Jasho la msimu mzima limepotea, na karo ya watoto haipo. Mwezi huu tujifunze sababu na dawa yake.

KARANGA INA MIDOMO MIWILI

Mahindi hula kwa mizizi. Karanga ina mdomo wa pili. Ua lake huchanua juu ya ardhi, kisha hutoa kijiti chembamba kama sindano, ambacho huinama na kuingia udongoni. Huko ndiko ganda hukua. Ganda hilo hujitafutia lenyewe kalisi, yaani kile chakula kilichomo ndani ya chokaa. Kalisi inayonyonywa na mizizi hupanda majanini, wala hairudi chini kulisha ganda. Ndiyo maana shamba laweza kupendeza macho, na maganda yakawa matupu.

UDONGO MCHACHU

Udongo mwekundu wa huku kwetu Kimbo, kati ya Ruiru na Thika, umeoshwa na mvua miaka mingi, na kalisi imekwenda na maji. Mahali palipolimwa kahawa, mbolea za amonia zilizotiwa mwaka baada ya mwaka zimezidisha uchachu. Hata DAP huongeza uchachu ikitumiwa daima bila chokaa.

Katika udongo mchachu, chuma na alumini huishika fosforasi, mmea usiipate. Tena vile vijidudu vya vinundu vya mizizini, viipavyo karanga naitrojeni kutoka hewani, hupungua. Kutia mbolea peke yake katika udongo huo ni kutia maji katika pakacha.

FANYA HIVI

1. Pima kwanza. Chimba mahali 10 au 15 shambani, kina cha sentimita 20. Epuka kichuguu na mahali palipokuwa na samadi. Changanya udongo katika ndoo safi, kisha upeleke nusu kilo kwenye maabara ya KALRO, Kabete, au umwulize Afisa wa Kilimo. Kipimo cha pH kikiwa chini ya 5.5, chokaa yahitajika.

2. Tia chokaa mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya kupanda. Fuata kiasi utakachoambiwa na maabara. Mara nyingi huwa kama tani 2 kwa hekta, yaani magunia 16 ya kilo 50 kwa ekari. Itawanye shamba zima, uichanganye na udongo kwa jembe. Nunua chokaa ya kilimo, si ya kupaka ukuta, maana hiyo ni kali na huunguza. Usizidishe, kwani chokaa nyingi mno huzuia vyakula vingine kama zinki. Pima tena baada ya miaka 3.

3. Tia fosforasi siku ya kupanda. Gunia 1 la TSP la kilo 50 latosha ekari moja. Katika mistari iliyoachana sentimita 45, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa kila mita ya mfereji. Funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu.

4. Palilia mapema. Vijiti vikianza kuingia ardhini, weka jembe kando. Ng'oa magugu kwa mkono.

KOSA LANGU

Mimi nami nimewahi kuvuna pepe. Mvua ilinikuta sijajitayarisha, nikatia chokaa na mbolea katika mfereji mmoja, siku moja. Chokaa hiyo haikuenea udongoni, tena iliifunga fosforasi pale pale. Nilipoteza gharama mbili kwa siku moja. Wewe usifanye hivyo.

JARIBU KIDOGO KWANZA

Kama fedha ni chache, pima vishamba vinne, kila kimoja mita 5 kwa 5. Cha kwanza usitie kitu. Cha pili tia chokaa kilo 5. Cha tatu tia TSP gramu 300. Cha nne tia zote mbili, kila moja kwa wakati wake. Wakati wa kuvuna, pima karanga zilizobanguliwa, si maganda. Andika hesabu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Ndipo uamue kama ekari nzima yafaa kugharimiwa.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Tanganyika, kwa matrekta mengi na mamilioni ya pauni. Shida ya huko haikuwa uchachu. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama sementi, na karanga hazikung'oleka. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Wakubwa hao walileta mitambo kabla ya kuuliza udongo. Wewe mwenye ekari moja, uliza kwanza.

MASWALI

1. Kwa nini shamba la kijani laweza kuzaa pepe?
2. Chokaa hutiwa lini, na fosforasi lini?
3. Kishamba kisichotiwa kitu kina faida gani?

Ukishindwa kujibu, rudia somo, kisha mfundishe jirani.